Jinsi ya kutoa mistari myembamba na nukta ndogo kwa eabrashi

Wakuu, watu wengi wakiona zile sura zinazochorwa kwenye matatu za Nairobi, kope moja moja, ndevu unaweza kuzihesabu, kile kinukta cheupe ndani ya jicho, wanajua tu jamaa ana eabrashi (kile kibomba kidogo cha kupulizia rangi kwa hewa) ya bei mbaya. Hapana. Eabrashi nzuri inasaidia ila mstari mwembamba unatoka kwenye kidole kinachovuta triga na kwenye rangi uliyochanganya, na hivi viwili unaweza kuvifanyia kazi hata na mashine ya kawaida ya 0.3, yaani yenye tundu la mbele la milimita 0.3.

Kwanza uelewe kinachotokea pale mbele. Sindano imechongoka na imekaa ndani ya nozo, kile kimdomo cha mbele, imeziba tundu. Ukibonyeza triga chini inatoka hewa tupu, ukiivuta nyuma sindano inarudi kidogo, kunabaki uwazi mwembamba kuizunguka na rangi inapita hapo, hewa inaipasua inakuwa ukungu. Ule ukungu unazidi kutanuka kadiri unavyokwenda mbele, ndo maana ukiwa sentimita 10 kutoka kwenye kazi unapata wingu na ukiwa milimita 5 unapata mstari. Sasa ukisogea karibu hivyo huku umevuta triga sana, au presha ni ileile uliyopulizia rangi ya msingi, hewa inaisukuma rangi iliyolala kabla haijakauka, inakimbia pembeni inatoa vijimiguu. Kwa hiyo kila ukisogea karibu punguza rangi, na punguza hewa. Vitatu hivyo vinakwenda pamoja, ukigusa kimoja bila vingine kazi inaharibika, na hapa ndo wengi wanapokwama wanaanza kulaumu mashine.

Mashine iwe ile ambayo triga yake unabonyeza kwa hewa na kuvuta kwa rangi, kikombe kiko juu ili rangi ishuke yenyewe hata ukiwa na presha ndogo. Iwata HP-C Plus kwa mfano inakuja na 0.3 na inatoa mstari wa unywele ukiijua. Kuna za 0.2, kuna Custom Micron ya Iwata ya 0.18, kampuni ya Harder & Steenbeck wana ya 0.15, ni tamu kweli ila zinaziba haraka, zinataka rangi iliyochujwa vizuri sana, na rangi zenye chembe kubwa kama za metaliki zinasumbua humo. Kama ndo unaanza baki na 0.3.

Kompresa iwe na tangi, isiyo na tangi hewa yake inakuja kwa mapigo na mapigo yale unayaona kwenye mstari, unakuwa na mafundo mafundo. Kompresa ya gereji inafaa kabisa ila weka regyuleta ya kurekebisha presha na filta ya maji, na kwa sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, hii ya maji usiipuuze maana hewa yetu ina unyevu mwingi, fungua koki ya chini ya tangi umwage maji kabla ya kuanza kazi. Tone moja la maji likitokea mbele katikati ya jicho ulilolichora asubuhi nzima, umeanza upya.

Rangi sasa. Kwa kazi ndogo rangi iwe nyepesi kuliko unavyodhani. Kupulizia eneo kubwa watu wanasema iwe kama maziwa, ukiiyumbisha kwenye kikombe inateleza ukutani na kuacha utando mwembamba. Kwa mistari ya unywele nenda zaidi ya hapo, rangi moja kwa thina mbili, nyingine hadi tatu, inategemea na rangi yenyewe. Itakuwa hafifu, ndiyo, na ndo inavyotakiwa, giza unalijenga kwa kupita mara mbili tatu mahali palepale. Tumia thina inayoendana na rangi, za maji na za maji, za gari na thina yake, usichanganye. Halafu chuja, kila mara, hata rangi iliyotoka kwenye kopo jipya, kipande cha stokingi ya nailoni kinatosha. Kikombe usijaze, matone matano sita yanachora kope za sura nzima.

Presha: ukiwa na rangi nyepesi hivyo anzia psi 15, shuka mpaka 10 ukiona vijimiguu. Rangi ikitoka na chembechembe kama mchanga maana yake presha imekuwa ndogo kwa rangi hiyo, au rangi bado nzito, na mimi naongeza thina kwanza kabla ya kugusa presha. Soma geji huku umebonyeza triga, hewa inatoka, maana ukiacha namba inapanda inakudanganya.

Mazoezi yaanze na nukta, sio mistari. Najua inachosha lakini nukta inakufundisha kitu kimoja tu, kufungua rangi kidogo kabisa na kuifunga, na ukishakuwa nacho hicho mstari ni nukta inayotembea. Chukua karatasi ngumu laini, nyuma ya kalenda ya zamani panafaa, piga mistari ya penseli miraba ya sentimita 2. Toa kile kikofia cha mbele kinacholinda sindano (ila angalia mkono, ncha ikigonga kitu inapinda hapohapo), kidole kidogo kiegemee kwenye karatasi, mkono wa pili ushike kifundo, mpira wa hewa uuzungushe begani usiwe unakuvuta. Lengo liwe pale mistari inapokatana. Bonyeza hewa kwanza, hewa iwe inatoka muda wote, ndo uvute triga taratibu mpaka uone rangi imeanza tu kutokea, rudisha mbele, hewa bado inatoka. Usiachie hewa kabla ya kufunga rangi, ukifanya hivyo rangi inabaki kwenye ncha na nukta inayofuata inaanza kwa kutema. Jaza ukurasa. Nukta zikitoka sawasawa punguza miraba iwe ya sentimita 1, sogea karibu zaidi, punguza zaidi.

Mashine nyingi zina skrubu nyuma ya mshikio inayozuia triga isirudi sana. Watu wengine hawaipendi, mimi nasema itumie mwanzoni, kidole kinajifunza kale kaumbali kadogo, baadaye unaifungua.

Mistari: unganisha zile nukta. Anza kusogeza mkono kabla rangi haijatoka, na funga rangi kabla mkono haujasimama. Mstari wenye kichwa kinene pande zote mbili unakuambia mkono ulikuwa umesimama huku rangi inatoka. Na usiende polepole! Watu wanaogopa kukosea wanakwenda polepole, rangi inajaa mahali pamoja inakimbia. Tumia mkono mzima kutoka kwenye kiwiko, sio vidole. Ukishaweza huo, fanya mstari unaoanza mnene na kuisha umechongoka, yaani unaanza ukiwa mbali kidogo na triga imevutwa, halafu kwa pamoja unasogea karibu na kurudisha triga mbele. Huu ndo kope, ndo unywele, ndo manyoya ya simba, ukiuweza huu nusu ya kazi za sura umeimaliza.

Katikati ya kazi rangi itaanza kukata, unavuta triga hakuna kitu halafu ghafla inatema. Hiyo ni rangi imekauka kwenye ncha ya sindano, na kwa joto letu ni kila baada ya dakika chache. Brashi ndogo laini yenye thina, pitisha kwenye ncha, elekeza pembeni, pulizia kidogo, rudi kazini. Kuna dawa ya kuchelewesha kukauka unaweka tone kwenye kikombe, na kufanya kazi kivulini mapema asubuhi kunasaidia kuliko dawa. Mstari ukitoka upande upande, angalia ncha ya sindano kwenye mwanga huku unaizungusha, ikiwa imepinda inyooshe taratibu kwa kuiviringisha juu ya msasa namba 2000 uliolowa. Mapovu kwenye kikombe ni hewa inarudi nyuma, nozo haijakaza au imepasuka.

Kitu kingine ambacho nakisema kwa uzito, jihadhari na mvuke wa rangi za thina, na hasa klia (ile rangi angavu ya kufunika kazi mwishoni) ya kuchanganya na hadina, dawa yake ya kukaza, maana hadina hiyo ina kemikali ya isosayaneti, inaharibu mapafu na inaweza kukuachia pumu, kitambaa au barakoa ya vumbi haizuii. Vaa maski yenye filta za kaboni kwenye sehemu yenye hewa, na kwa klia kama unaweza pata ile ya kuletewa hewa safi kwa mpira.

Kwenye sura yenyewe, tangi la pikipiki au mlango wa gari, kope anzia kwenye ukingo wa jicho ukivuta kwenda nje, zisilingane urefu, zikilingana zinaonekana za dukani. Kile kinukta cheupe cha ndani ya jicho kiwe cha mwisho. Nyeupe ni rangi ngumu, chembe zake ni nzito inaziba haraka, na ukiipulizia hafifu juu ya nyeusi inaonekana ya bluu, kwa hiyo weka kakidogo ka njano ndani yake, piga nukta moja ya karibu, iache ikauke ndo urudie juu yake. Halafu subiri muda ulioandikwa kwenye kopo kabla ya klia, na tabaka la kwanza la klia liwe jepesi, la vumbivumbi, maana ukiimwaga nzito mara moja inalowesha zile nukta na mistari inazitapanya.