SOMO: Tundu la skrubu kwenye rejeta ya kompyuta likilika uzi

Wakuu, habari za wikendi. Nianze na aibu yangu, huenda ikamwokoa mtu. Feni ya rejeta yangu (kile kipoozeo cha maji ya prosesa), yenye unene wa mm 25, ilikufa, nikafunga nyembamba ya mm 15 kwa skrubu zile zile za mm 30. Nilihisi kitu kinagoma, nikakaza kwa hasira. Dakika moja baadaye maji ya kupoozea prosesa yalikuwa yanachuruzika juu ya kadi ya picha.

Kwa hiyo jueni kwanza kilichopo nyuma ya tundu. Rejeta si kipande cha chuma. Ni bati jembamba lenye uzi (meno yanayoshika skrubu), na milimita chache nyuma yake yapo mapezi na mirija ya maji. Skrubu ya mm 30 ikipita kwenye feni ya mm 25 hubakiza mm 5, na hizo zinatosha. Ikibakiza mm 15, umetoboa.

Hatua ya 1: hakikisha uzi umelika kweli. Karibu nusu ya kesi ninazoletewa ni skrubu isiyo yake. Rejeta nyingi hutumia 6-32, yaani kipenyo cha mm 3.5 na meno 32 kwa inchi moja. Nyingine hutumia M3, yaani kipenyo cha mm 3. Ukiingiza M3 kwenye tundu la 6-32 inacheza na kuzunguka bure, unadhani uzi umekwisha kumbe uko mzima. Ukilazimisha 6-32 kwenye tundu la M3, hapo ndipo unapouua. Kipimo unacho nyumbani: skrubu inayofunga pawa saplai ni 6-32, ile ya SSD ya inchi 2.5 ni M3. Zijaribu kwa vidole, bila bisibisi.

Hatua ya 2: jiulize kama unahitaji tundu hilo. Feni ya mm 120 ikishikwa na skrubu tatu haiendi kokote. Hata mbili za pembe zinazotazamana hutosha, mradi haitetemeki. Tundu moja likifa, liache, endelea na maisha. Nasema hivi kwa sababu wengi hapa mnapenda drili kuliko mnavyopenda kompyuta zenu.

Hatua ya 3: gundi ya epoksi. Yamekufa mawili upande mmoja? Nunua ile ya mirija miwili. Safisha tundu kwa spiriti. Paka skrubu grisi au isugue kwenye mshumaa, la sivyo itaganda humo milele. Changanya gundi, ipake kuta za tundu kwa kijiti, ingiza skrubu kwa urefu uleule itakaokaa, kisha iache saa 24. Ifungue polepole, utakuta uzi mpya umejichora. Kaza kwa vidole viwili tu.

Hatua ya 4: kupanda saizi. Hii ndiyo ninayoipenda, maana mara nyingi haihitaji drili. Tundu la 6-32 lililolika huwa na upana usiozidi mm 3.5 hivi. Tapu (kifaa cha kuchonga uzi) ya M4 kwa kawaida hutaka tundu la mm 3.3, kwa hiyo inaingia moja kwa moja. Meno ya uzi yatakuwa mafupi kidogo kuliko ya kiwandani, lakini feni si injini ya lori. Kama tundu lilikuwa M3, panda kwenda 6-32 kwa njia hiyo hiyo.

Chomoa umeme, toa rejeta nje ya kasha, elekeza tundu chini. Paka tapu grisi ili chembe za alumini zinate humo. Zikidondokea mazabodi zitapiga shoti. Zungusha nusu mzunguko, rudisha robo, na weka alama ya tepu kwenye tapu isizame zaidi ya mm 4. Huna tapu? Fundi kereza yeyote anayo, ila simama naye na umwonyeshe mirija ilipo kabla hajaanza. Ukiwa umetoa kichwa cha pampu kwenye prosesa, futa pesti ya zamani ya kupitisha joto upake mpya.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kwenye mbao huwa tunachomeka kijiti cha kiberiti. Hapa vipi?*
Kijiti kitasagika. Chukua unyuzi mmoja wa waya wa shaba, ukunje ndani ya tundu, kisha funga skrubu. Hushika vizuri, lakini ukifungua lazima uanze upya.

*Rejeta yangu ni ya shaba. Si nichomelee nati tu kwa lehemu?*
Usithubutu, kaka. Mirija na mapezi yake yenyewe yameungwa kwa lehemu. Ukipasha moto wa kutosha kushika nati, unaweza kufungua maungio ya ndani.

*Skrubu imekatikia ndani, nitoboe?*
Kama kuna kisiki nje, kishike kwa koleo ukizungushe. Kama hakuna, iache humo, rudi hatua ya 2.

*Dhamana bado ina miezi minane.*
Basi tapu na gundi weka kabatini. Funga skrubu tatu, na tundu la nne mwonyeshe aliyekuuzia.