Mtu akipigiwa kelele za "mwizi": namna ya kuuzuia umati usimuue

Magazeti yetu yana msemo mmoja kwa mauaji haya: "wananchi wenye hasira kali". Msemo huo unapotosha, na ukiuamini hutaweza kumwokoa mtu. Hasira ipo, ila ni ya wachache. Aliyeibiwa ana hasira, pengine na jirani yake aliyeibiwa wiki iliyopita. Wengine wote wamekuja mbio, wamekuta kitu kimeshaanza, na hata hawajui nani kaiba nini. Wanasukumwa na mambo mengine ambayo wanasaikolojia wameyapima kwa miaka mingi, na kila moja lina mahali pa kulishikia.

Haya yameandikwa kwa wale ambao watakuwepo kabla polisi hawajafika: mjumbe wa nyumba kumi, mwenyekiti wa mtaa, kiongozi wa kijiwe cha bodaboda, mwenye duka, mama lishe ambaye banda lake liko palepale.

Tazama kwanza

Kabla hujafungua mdomo, utazame umati. Huwa una maduara matatu. Ndani kabisa kuna watu wachache, hao ndio wanaogusa mwili wa mtu. Nje yao kuna waliobanana, wanaopiga kelele, wanaookota mawe na kuyapitisha mbele. Wa mwisho wamenyoosha shingo, simu juu. Duara la ndani ndilo linaloua, lakini linakula kelele za duara la pili. Kwa hiyo usianze na anayepiga. Huyo damu imeshamchemka na hakusikii. Anza na duara la pili.

Angalia pia vitu. Kuna tairi limeanza kuviringishwa? Kuna kijana ametumwa na chupa kwa muuza petroli? Tairi na petroli vikishafika, kila aliyepo anajua kinachofuata, kwa sababu ameshakiona au amekisikia. Mpe kijana mmoja kazi ya kuliondoa tairi mapema, kimyakimya, wakati macho yote yako kwa mtuhumiwa. Muuza petroli aambiwe asimuuzie mtu yeyote mpaka mambo yatulie.

Pata mwenzako wa pili

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nao hulipa kwa meno. Mtu mmoja anayepinga umati huonekana kituko, au mshirika wa mwizi. Wawili wanaosema neno moja huonekana kama upande. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Stanley Milgram yaliyofanyika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, miaka ya 1960, watu waliamriwa kumpiga mwenzao shoti za umeme walizodhani ni za kweli. Kati ya 40, watu 26 walifika mwisho wa mashine, volti 450. Watu wengine 40 walipowekewa wenzao wawili ambao walikataa mbele ya macho yao, waliofika mwisho walikuwa 4 tu. Amri ilikuwa ileile na mashine ileile. Kilichobadilika ni kwamba waliona kumbe kukataa kunawezekana.

Basi shika mkono wa mtu unayemfahamu, mwenye heshima mtaani, umwambie sikioni: "Baba Neema, twende wote. Mimi nikisema apelekwe polisi, na wewe sema hivyohivyo, kwa sauti." Wakiwa watatu ni bora zaidi. Mzee au mama mtu mzima awemo, maana kijana mwenye jiwe huona haya kumsukuma mama wa umri wa mama yake.

Wala usidhani wa kukuunga mkono hayupo. Watafiti waliangalia picha za kamera za mitaani za ugomvi 219 katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town, wakakuta kwamba katika takriban ugomvi tisa kati ya kumi kulikuwa na angalau mpita njia mmoja aliyeingilia. Watu wa kukusaidia wapo. Wanangoja aanze mwingine.

Usimwombe "mtu" apige simu

Ukipaza sauti "Jamani, mtu apige simu polisi!", huenda asipige yeyote. Katika utafiti uliochapishwa 1968, wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané, huko New York, waliwafanya wanafunzi wasikie kwenye spika mwenzao akishikwa na kifafa chumba kingine. Kati ya waliodhani wao peke yao ndio wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla kifafa hakijaisha. Kati ya waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Mzigo ukiwa wa wote, hauna mbebaji.

Mnyooshee kidole mtu mmoja: "Dada wa kitenge cha njano, piga 112, waambie tuko stendi, nyuma ya mashine ya kusaga. Ukimaliza niambie wamesema nini." Kenya ni 999 au 112. Hilo sharti la kukurudishia jibu ni muhimu, kwa kuwa sasa ana kazi na kuna anayemngoja.

Maneno ya kusema, na yanayoharibu

Kosa kubwa kuliko yote ni kusema "Mwacheni, hana hatia!" Mwanasaikolojia Henri Tajfel, huko Bristol, Uingereza, katika majaribio yaliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, aligawa wavulana wa shule katika makundi kwa sababu zisizo na maana yoyote, na bado wakawapendelea wa kundi lao. Binadamu hahitaji sababu kubwa ili agawe "sisi" na "wao". Katika umati mstari umeshachorwa. Ukimtetea mtuhumiwa umeuvuka, na sasa wewe ni wao. Hata kama una hakika kasingiziwa, hapo si mahali pa kesi.

Sema ukiwa ndani ya "sisi":

"Ndugu zangu, tumemkamata. Kazi nzuri. Hapa kazi ya kukamata imekwisha, sasa tunamkabidhi. Akifa, mali haitarudi na wenzake hatutawajua."

Sentensi hiyo inaupa umati ushindi, kisha inafunga shughuli. Baadaye gawa kazi, kwa majina: "Juma, shika mkono wake wa kulia. Mangi, fungua geti lako. Mama Asha, tupishe njia." Majina yana nguvu kuliko vitisho. Mwanasaikolojia Philip Zimbardo, katika jaribio lililochapishwa 1969, aliwavika wanawake kofia za kufunika uso na kuwaondolea majina. Walibonyeza swichi ya shoti kwa muda karibu mara mbili kuliko wenzao waliovaa vitambulisho vya majina. Ukimwita mtu kwa jina lake unamtoa kwenye umati na kumrudisha nyumbani kwake. Usiku, washa taa za duka na za pikipiki zimulike nyuso za watu wote. Lakini usimsogezee simu usoni anayepiga ukimwambia "nakurekodi". Ukiwa mmoja, atageukia kwako.

Mtuhumiwa naye apewe jina. Umati humwita kibaka, panya road, mbwa. Maneno hayo yana kazi. Redio RTLM ya Rwanda iliwaita Watutsi "inyenzi", mende, kabla na wakati wa mauaji ya 1994, kwa sababu kumponda mende hakumsumbui mtu. Muulize kwa sauti watu wasikie: "Unaitwa nani? Nyumbani ni wapi? Mama yako yuko wapi?" Mara nyingine katika umati kuna anayemjua mama huyo.

Kumtoa

Mweke mgongo wake ukutani, nyinyi mkiwa mbele yake mkitazama umati, viganja wazi. Asikimbie. Anayekimbia hufukuzwa, na hilo huwapa wapigaji nguvu mpya. Mpeleke kwenye chumba cha karibu chenye mlango wa chuma au kufuli, kisicho cha mbao wala makuti, maana kinaweza kuchomwa. Bodaboda haifai kumtorosha, kwani anavutwa kirahisi. Tafuta gari lenye milango.

Wengine hufia mikononi mwa watu waliodhani wanawashikilia tu. Asifungwe mikono nyuma akalazwa kifudifudi, na asikaliwe mgongoni hata dakika moja. Kifua kikibanwa hawezi kuvuta pumzi. Mketishe.

Petroli ikishamwagwa, usimkumbatie wala usiingie katikati. Rudi nyuma, endelea kuita watu kwa majina, tafuta maji na mchanga.

Ikiwa ni uvumi

Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, Dodoma, watafiti wawili waliokwenda kuchukua sampuli za udongo na dereva wao waliuawa, baada ya kuenea maneno kwamba ni wanyonya damu. Hapo hakukuwa na aliyeibiwa. Kwa uvumi wa mumiani, wachuna ngozi au wezi wa watoto, swali linalofaa ni hili, liulizwe kwa sauti na lirudiwe: "Nani ameona kwa macho yake? Njoo mbele useme." (Kwa mwizi aliyekamatwa na mali mkononi usilitumie, watajitokeza ishirini.) Kinga yenyewe ni ya mapema: mgeni yeyote mwenye kazi kijijini apite kwanza kwa mtendaji, aonyeshe barua, na atembee na mwenyeji anayejulikana kwa sura.

Baada ya hapo

Hospitali kwanza, hata akitembea mwenyewe. Misuli iliyopondwa kwa fimbo humwaga sumu inayoziba figo, na mtu anaweza kufa siku chache baadaye. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai au kahawa, ni dharura. Tanzania ataandikiwa polisi fomu ya majeruhi, PF3, Kenya P3, ila matibabu ya dharura yasingoje karatasi.

Kesho yake zungumza na duara la ndani, mmoja mmoja, kamwe si wote pamoja. Waeleze sheria: raia anaruhusiwa kumkamata anayetenda kosa mbele yake, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Lakini akifa, sheria za Tanzania na Kenya zina kanuni ya nia ya pamoja, na aliyepitisha jiwe anaweza kushtakiwa kwa mauaji sawa na aliyelirusha.

Kisha mfuate aliyeibiwa. Umati hukusanyika haraka pale ambapo watu wamezoea kumwona mtuhumiwa mtaani baada ya siku mbili na kusema "polisi wamehongwa". Mara nyingi yuko nje kwa dhamana, na kesi bado ipo, lakini hakuna aliyewaeleza. Nenda naye kituoni akaandikishe maelezo, na asitoke bila namba ya taarifa yake katika kitabu cha polisi, yaani RB, Kenya ni OB. Iandikwe kwenye daftari la mtaa pamoja na jina la mpelelezi, ili mtu akiuliza kesi imefikia wapi, mwenyekiti awe na cha kumjibu.