Usingoje moyo upande: namna ya kupanga siku ya kazi kwa anayeuza mtandaoni Uganda

Kila asubuhi simu zetu hujaa maneno ya kutia moyo. Amka mapema, jiamini, waza makubwa. Si maneno mabaya, ila ikifika saa nne, bando limekwisha, umeme umekatika na mteja wa jana hapokei simu, hayasaidii kitu. Mimi nauza vitenge kwa simu hapa Kampala. Navichukua Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla, navituma Arua, Busia na Mbarara kwa basi, na vya hapa mjini vinakwenda kwa bodaboda. Nilichokiona katika biashara hii ni kwamba hamu ya kazi humjia mtu akishaianza kazi, mara chache sana hutangulia. Kwa hiyo hapa sitakufundisha kujisikia vizuri. Nitakuonyesha namna ya kupanga siku ambayo itakwenda hata ukiamka huna hamu ya lolote.

Vifaa ni vichache: simu yenye kamera safi, laini mbili, kalamu, na daftari kubwa la jalada gumu, lile tunaloliita kaunta buku. Kompyuta haihitajiki. Kama unauza viatu au keki, hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Andika kazi, usiandike ndoto

Usiku kabla ya kulala, fungua daftari uandike kazi tatu za kesho. Tatu zinatosha. Kila moja iwe jambo unaloweza kulimaliza mwenyewe. "Kuuza vitambaa kumi" si kazi, maana anayeamua hapo ni mteja. "Kupiga picha vitambaa vitano vipya", "kuwaandikia wateja kumi wa mwezi uliopita", "kufikisha mzigo wa Arua kwenye basi kabla ya saa kumi jioni": hizo ndizo kazi. Jioni unaweka alama au huweki, basi.

Ukijipima kila siku kwa mauzo, wiki mbaya itakuita mvivu hata kama umetoka jasho. Na wiki nzuri, kama zile za kuelekea Idi au Krismasi, itakudanganya kuwa umekuwa bingwa, kumbe watu wananunua tu kwa sababu ya sikukuu. Mauzo yapime kwa mwezi. Siku ipime kwa kazi zilizofanyika.

Hatua ya 2: Ipe kila kazi saa yake

Kazi isiyo na saa huahirishwa hadi usiku, na usiku una uchovu wake. Saa moja hadi saa tatu asubuhi ni za picha. Saa tatu hadi saa sita ni za sokoni, kwa sababu Kikuubo ikishafika mchana hupiti bila kukanyagwa: wapagazi na marobota kichwani, mikokoteni, pikipiki, kila mtu anapiga kelele apishwe. Saa moja hadi saa tatu usiku ni za kujibu wateja. Wakati huo watu wameshatoka kwenye foleni ya magari ya Jinja Road, wamekula, wameshika simu.

Nje ya saa hizo za kujibu, unamjibu anayetaka kulipa tu. Simu hii ni duka, lakini pia ni kijiwe, na mwenye duka akishinda kijiweni wateja hukuta mlango umefungwa. Ukiingia TikTok kuweka video, iweke utoke. Najua ni vigumu. Kuna siku mtu anaingia kuweka video ya nusu dakika na kutoka adhana ya adhuhuri inalia.

Bando nalo lipangiwe. Tangu Julai 2021 data ya intaneti Uganda hutozwa kodi ya 12%, iliyochukua nafasi ya ile ya shilingi 200 kwa siku tuliyoanza kutozwa 2018 kwa kutumia mitandao ya kijamii. Ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja. Zile video za harusi za kikundi cha ukoo ndizo zinazokumaliza.

Kuhusu Facebook: hapa kwetu imefungwa tangu Januari 2021, na wanaoingia hutumia VPN, yaani programu ya kupita kizuizi hicho. Wapo wanaouza huko na wanauza vizuri, siwabezi. Ila kwa anayeanza sishauri. Mteja asiyetumia VPN hakuoni. Januari hiyohiyo, wakati wa uchaguzi, intaneti yote ilizimwa kwa siku kadhaa, na waliokuwa na namba za wateja ndani ya programu pekee wakawa hawana pa kuanzia. Kwa hiyo kila mteja anayenunua, jina lake, namba yake na mji wake viandikwe kwenye daftari kwa mkono. Ujumbe wa kawaida na simu ya sauti havihitaji bando.

Hatua ya 3: Picha yenye ukweli na bei inayoonekana

Tundika kitenge kwenye kamba au mlangoni, jua lisikipige moja kwa moja. Kivuli cha barazani asubuhi kinatosha. Zima taa za ndani, kwa sababu balbu hugeuza nyeupe kuwa manjano, kisha mteja wa Mbarara akipokea mzigo anasema umembadilishia. Piga picha tatu: moja ya kitambaa kizima kikining'inia, moja ya ua lenyewe kwa karibu mpaka nyuzi zionekane, na moja ya ukingo wenye maandishi ya kiwanda. Hiyo ya tatu wengi huiacha, na ndiyo inayomaliza maswali. Mama anayejua vitenge husoma ukingo kwanza.

Chini ya picha andika urefu, bei na mahali ulipo. "Yadi 6, pamba, 55,000, Kampala, natuma mikoani." Tafadhali usiandike "njoo inbox upate bei". Unaficha bei ili upate nini? Mteja anadhani utampima mfuko kwanza ndipo utaje, na mara nyingi hajakosea.

Tumia WhatsApp Business, ile ya bure, badala ya WhatsApp ya kawaida. Ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei, ina lebo za kuwatenga wateja (mpya, amelipa, mzigo umetumwa), na ina majibu ya haraka ili usiandike maelezo ya usafiri upya kila mara. Kuipanga ni kazi ya jioni moja.

Hatua ya 4: Fuatilia bila kusumbua

Hapa ndipo moyo wa wengi huvunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mazungumzo ya kawaida huenda hivi:

"Dada, hicho cha ndege wa buluu bado kipo?"
"Kipo, mama. Yadi sita ni 55,000. Nikuwekee?"
"Ngoja nitakurudia."

Kisha kimya. Alama mbili za buluu, na siku inayofuata anaangalia statasi yako kama kawaida. Muuzaji mgeni huona amedharauliwa, akaacha kuweka picha siku mbili. Lakini "nitakurudia" ya kwetu ina mambo mengi ndani yake. Pengine mshahara haujatoka. Pengine anamwuliza mume, au fundi amemwambia yadi sita hazitoshi mshono anaoutaka. Wewe hujui, na huna haja ya kujua.

Fanya hivi: mwandikie jina lake kwenye ukurasa wa wanaongoja, na tarehe. Baada ya siku mbili mtumie ujumbe mmoja wenye habari mpya. Usimwulize "vipi, umeamua?" Mwambie, "Mama, kile cha ndege kimebaki kimoja, na kimekuja kingine chenye ua hilohilo kwa rangi ya kijani," kama ni kweli. Akinyamaza tena, mwache. Abaki kwenye orodha ya watu unaowaonyesha mzigo mpya, lakini usimwandikie tena juu ya kitambaa kile. Ukiufuata utaratibu huu, kukataliwa kunakuwa mstari mmoja daftarini, na unasonga kwa jina linalofuata.

Kwa kutangaza mzigo mpya kwa wengi, orodha ya matangazo ya WhatsApp hupokea watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo kila unayemwuzia mwombe aihifadhi hapohapo, akiwa bado na furaha ya mzigo. Na usimweke mtu kwenye kikundi bila kumwuliza.

Hatua ya 5: Pesa ya biashara isilale na pesa ya ugali

Mali bila daftari hupotea bila habari. Laini moja iwe ya biashara peke yake: inapokea malipo, inalipa mzigo, haitoi nauli ya shemeji. Kila mauzo yaandikwe na gharama zake zote. Tuseme kitenge umekinunua 40,000, sehemu yake ya nauli ya boda ni 1,000, mfuko 500, bando 1,500. Jumla 43,000. Ukiuza 55,000 umepata 12,000, wala si 15,000 kama kichwa kinavyopenda kuhesabu.

Mteja akituma picha ya ujumbe wa malipo, usiiamini. Angalia salio lako mwenyewe kwa *165# ukiwa na MTN au *185# ukiwa na Airtel, ndipo mzigo utoke. Hata kama anakuita mwanangu.

Kutoa pesa kwa wakala kuna ada na juu yake kodi ya serikali ya 0.5%. Ukitoa 200,000, kodi pekee ni 1,000. Kwa hiyo muulize anayekuuzia kwa jumla kama anapokea kwa simu, umlipe humohumo bila kutoa.

Jilipe mshahara. Chagua siku moja ya wiki, toa kiasi kilekile, hata kikiwa kidogo, na kingine kiende kwenye SACCO, yaani ushirika wa akiba na mikopo, au kikundi chako cha akiba. Asiyejilipa hula mtaji kidogo kidogo, kisha husema biashara ya mtandaoni haina faida.

Daftari hilo lina kazi nyingine. Kwa viwango vya kodi ya biashara ndogo vilivyoanza Julai 2020, mauzo yasiyozidi milioni 10 kwa mwaka hayatozwi. Yakiwa kati ya milioni 10 na 30, mwenye kumbukumbu hulipa 0.4% ya kile kinachozidi milioni 10, na asiye nazo hulipa 80,000. Aliyeuza milioni 20 akiwa na daftari lake atalipa 40,000. Nusu. Namba ya mlipakodi, TIN, hutolewa bure na URA, mamlaka ya mapato, usimlipe mtu wa kati.

Hatua ya 6: Tuma mzigo kwa ushahidi

Funga, andika jina na namba ya simu pande mbili za kifurushi, peleka kwenye ofisi ya vifurushi ya basi, chukua risiti. Usimpe kondakta mkononi. Piga picha risiti, mtumie mteja papo hapo pamoja na saa ya basi kuondoka.

Hatua ya 7: Weka kima cha chini kwa siku mbaya

Malaria ipo, misiba ipo, na ipo siku ambayo mtu hana ugonjwa wowote ila hataki tu. Kwa siku hizo andika mapema, ukurasa wa kwanza wa daftari, kazi ndogo kabisa ambayo hutaiacha: picha moja kwenye statasi, kumjibu kila aliyeuliza, mstari mmoja wa hesabu. Inamalizika kabla chai haijapoa. Mara nyingi ukishaweka hiyo picha moja utajikuta umeweka na ya pili. Isipotokea, funga simu ulale, siku imehesabika.

Siku hizo za unyonge ndizo ambazo mtu hunaswa na wauza ndoto. Darasa la mafanikio la 150,000, kikundi cha siri, mpango wa kuweka pesa na kuleta wenzako. Dunamiscoins, kampuni iliyoahidi faida kubwa kwa pesa za kidijitali, ilipofunga ofisi zake Kampala Desemba 2019, wengi waliachwa mlangoni. Kipimo changu ni kifupi: kama faida inatokana na kuleta watu badala ya kuuza kitu, sijiungi, hata aniite nani.

Hatua ya 8: Kikao cha Jumapili

Jumapili jioni keti na daftari. Hesabu alama za kazi zilizofanyika. Angalia kazi ipi imeahirishwa zaidi ya mara mbili: ama ni kubwa mno, uigawe, ama haina maana, uifute. Kisha pitia mzigo wenyewe, kitambaa kimoja kimoja, ukiangalia tarehe ya kununua.

Kitenge kilichokaa miezi mitatu hakitakwenda kwa picha nyingine. Kitoe kwa bei uliyonunulia. Kisipotoka, kikate katikati, yadi tatu tatu, na uwapelekee mafundi cherehani wa mtaani kwako. Yadi tatu zinatosha gauni la kawaida au shati na kilemba, na mteja wao asiyekuwa na pesa ya yadi sita amekaa palepale kwenye benchi. Mwachie fundi vipande viwili, mkubaliane bei na siku ya kurudi, uandike.