Kuotesha Marando kwa Kiazi Kitamu cha Sokoni

Kiazi kitamu ulichonunua kwa ajili ya chungu kinaweza kukupatia mbegu ya bustani nzima, ilimradi ufahamu kwamba kinachopandwa si kiazi chenyewe, bali marando yanayochipua kutoka kwake. Hapo ndipo kinapotofautiana na kiazi mviringo, ambacho ni shina lililonenepa ardhini, ilhali kiazi kitamu ni mzizi.

Chagua kiazi kigumu kisicho na jeraha wala vitundu vya fukusi, yaani mdudu anayetoboa viazi; kikiwa kimekwisha kuanza kuchipua, ni bora zaidi. Mimi hupendelea viazi lishe vya rangi ya chungwa, kwa kuwa vina vitamini A kwa wingi. Kilaze kwenye beseni lililotobolewa chini na kujazwa mchanga, ukifunike kwa mchanga wa kina cha sentimita 2 au 3, kisha ukiweke mahali penye joto na kuunyevusha mchanga bila kuulowesha, maana maji yakituama kiazi huoza. Wengine hukitumbukiza nusu katika glasi ya maji, lakini njia hiyo hukulazimu kutambua ncha iliyoshikana na shina, ambayo ndiyo hasa hutoa machipukizi. Kiazi kilicholazwa mchangani hakikusumbui kwa hilo.

Marando yakifikia sentimita 25 hadi 30, yakate kwa kisu safi sentimita 2 au 3 juu ya mchanga, wala usiyang'oe, kwa sababu fukusi na magonjwa hujificha karibu na kiazi mama, nacho kitachipua tena. Jaza kiroba udongo tifutifu uliochanganywa na mboji kidogo, kwani mbolea ikizidi utavuna majani matupu. Panda marando mawili au matatu kwa kila kiroba, theluthi mbili za kila moja zikiwa ardhini na angalau vifundo vitatu, yaani sehemu majani yanapochomoza, vimefunikwa, kwa kuwa viazi huanzia vifundoni. Mwagilia kila siku hadi yashike.

Matembele unaweza kuchuma, lakini kwa kiasi, kwa sababu majani hayo ndiyo yanayolisha viazi. Kati ya mwezi wa 3 na wa 5 baada ya kupanda viazi huwa tayari, na udongo ukipasuka kabla ya hapo, ziba nyufa mara moja, kwa maana ndizo njia za fukusi.