Mbegu ya shokishoki haianikwi

Ukila doriani, shokishoki au mangostini na ukatamani kuotesha mbegu yake, usiianike. Tumezoea mahindi na maharage, ambayo hukaushwa ndipo yawekwe. Hizi zikikauka zinakufa, na friji huziua vilevile. Zioshe mpaka utelezi wa nyama uishe (huo ndio unaoleta ukungu), kisha zipande siku hiyohiyo.

Kama unampelekea mwenzako mnayebadilishana naye, zifukie kwenye vumbi la makumbi ya nazi lenye unyevu kidogo tu: ukilikamua kwa nguvu lisitoe hata tone. Tia kwenye mfuko wa plastiki, acha hewa kiasi ndani, funga. Zikiota njiani si hasara, mradi mzizi usivunjike wakati wa kufungua. Andika juu jina la tunda na tarehe uliyotoa mbegu, maana tarehe ndiyo atakayoiuliza kwanza. Kama zinavuka mpaka wa nchi, ulizia mapema cheti cha afya ya mimea.

Mbegu za stafeli na topetope hazina makuu. Hukaushwa, na miezi kadhaa baadaye bado huota, kwa hiyo hizo ndizo za kuwekea akiba.

Na mwambie ukweli anayepokea: mche wa mangostini hufanana na mama yake, ila unaweza kukaa miaka 7 hadi 10 bila tunda. Mshokishoki wa mbegu nao unaweza kutokea dume. Mimi ningepanda mitano, si mmoja.