Jinsi ya Kuchagua na Kununua Vazi la Kapsuli ya Toleo Maalumu

Nyumba kubwa za mitindo huuza mavazi yao kwa misimu, lakini kati ya msimu na msimu hutoa pia mikusanyo midogo, maarufu kama kapsuli, ambayo mara nyingi hubuniwa pamoja na msanii au kampuni nyingine na kuuzwa kwa muda mfupi. Mnunuzi wa kapsuli huwa na mizigo miwili kwa wakati mmoja, bei kubwa na haraka kubwa, na haraka ndiyo huharibu uamuzi zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yake inapaswa kufanyika kabla ya siku ya mauzo, wakati bado ana utulivu wa kuuliza vazi lenyewe limetengenezwaje.

Jambo la kwanza ni kujua unauziwa uhaba wa namna gani, kwa kuwa maneno "toleo maalumu" peke yake hayana kipimo. Wakati mwingine idadi hutangazwa wazi: viatu vya michezo vya Air Jordan 1 ambavyo nyumba ya mitindo ya Dior na kampuni ya viatu ya Nike walivitoa mwaka 2020 vilikuwa jozi 13,000, na kati ya hizo jozi 5,000 zilitengewa wateja wakubwa wa Dior, kwa hiyo mamilioni ya watu waliojiandikisha mtandaoni waligombania jozi 8,000 zilizobaki. Wakati mwingine kinachowekewa mpaka ni muda, kama nyumba ya mitindo ya Uingereza, Burberry, ilipoanza mwaka 2018 kuuza bidhaa mpya kila tarehe 17 ya mwezi kwa saa 24 tu kupitia Instagram na WeChat, mtandao wa kijamii wa China. Katika mauzo ya namna hiyo unaambiwa dirisha litafungwa lini, lakini si vipande vingapi vitapita humo. Namba iliyoandikwa kwenye lebo nayo isomwe kwa makini: 45 kati ya 200 inakueleza ukubwa wa toleo zima, ilhali 45 pekee haikuelezi lolote.

Pia usinunue kwa kuamini kwamba kitu hakitatolewa tena, isipokuwa kampuni imesema hivyo kwa maandishi. Mifuko ya Louis Vuitton ya Multicolore, iliyobuniwa na msanii wa Japani Takashi Murakami na kuchapwa nembo za kampuni kwa rangi 33, ilitoka mwaka 2003, ikaendelea kuuzwa hadi 2015, na ushirikiano huo ukafufuliwa mwaka 2025. Msanii mwingine wa Japani, Yayoi Kusama, alishirikiana na kampuni hiyohiyo mwaka 2012, kisha akarudi mwaka 2023. Sioni ubaya wowote katika kurudia kazi nzuri. Anayeumia ni yule aliyelipa bei ya ziada kwa ajili ya uhaba badala ya kulipia kazi.

Ukishajua hayo, chunguza kazi yenyewe, na hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi zaidi. Kapsuli nyingi hutengenezwa kwa kuchukua fulana au sweta ambayo kampuni tayari inaitengeneza kila mwaka, kisha ikabandikwa mchoro mpya kifuani. Nyingine huanzia kwenye uzi. Tofauti hiyo huonekana ukiligeuza vazi ndani nje. Sweta ambalo mchoro wake umefumwa huonyesha upande wa pili mahali ambapo uzi wa rangi moja unaishia na wa rangi nyingine unaanzia, na ukilivuta kidogo mchoro hutanuka pamoja na kitambaa. Mchoro uliochapwa juu hutanuka kwa shida, huacha weupe kati ya matundu ya ufumaji, na huwa wa kwanza kupasuka baada ya kufuliwa. Darizi nzuri imeshikwa kwa mishono ya karibukaribu na nyuma yake ni safi, bila nyuzi ndefu zinazoning'inia ambazo zitanaswa na saa au pete.

Kisha fuata mchoro hadi kwenye mshono. Tazama mahali ambapo mfuko wa kifuani umeshonwa juu ya koti: fundi aliyejali hukata kitambaa cha mfuko ili mistari au maua yaendelee bila kukatika, ingawa kufanya hivyo hupoteza kitambaa kingi. Fanya vivyo hivyo kwenye mshono wa bega na pale zipu inapofungwa. Tazama pia bitana, kwa sababu mtengenezaji anayetaka kupunguza gharama huanza na sehemu isiyoonekana. Ikiwa vazi linauzwa mtandaoni pekee, tafuta picha za karibu za sehemu hizo, na usipoziona waandikie wahudumu wa duka uziombe kabla ya siku ya mauzo.

Uliza pia nani alifanya nini. Nyumba za mitindo za Italia, Fendi na Versace, walipobadilishana kazi mwaka 2021, Donatella Versace, mbunifu mkuu wa Versace wakati huo, alibuni mkusanyo wa Fendi, huku wabunifu wa Fendi, Kim Jones na Silvia Venturini Fendi, wakibuni wa Versace, na kila upande ulionyesha jicho la mwenzake. Kwa upande mwingine, Karl Lagerfeld alipobuni mavazi ya H&M mwaka 2004, jina lilikuwa la mbunifu mkubwa lakini bidhaa zilikuwa za duka la bei nafuu, na zilistahili kununuliwa kwa bei hiyo. Mlanguzi anayezipandisha hadi bei ya vazi la kifahari anakuuzia jina tu.

Siku ya mauzo, jiandikishe mapema na uhakikishe anwani na kadi ya malipo vimehifadhiwa kwenye akaunti. Usikisie saizi. Laza mezani vazi lako linalokukaa vizuri, pima mabega, kifua na urefu, kisha ulinganishe na vipimo vilivyotolewa na duka. Ongeza ushuru na gharama za usafirishaji kwenye bei, halafu soma masharti ya kurudisha: katika Umoja wa Ulaya mnunuzi wa mtandaoni kwa kawaida ana siku 14 tangu alipopokea bidhaa za kughairi ununuzi, lakini vipande vilivyotengenezwa kwa vipimo vyako mwenyewe haviingii katika haki hiyo.

Ukikosa, ukaamua kununua kwa mtu wa pili, jihadhari usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2021 Louis Vuitton iliacha kutumia misimbo ya tarehe, yaani herufi na namba zilizoonyesha mfuko ulitengenezwa wapi na lini, na kuweka chipu ndani ya mifuko, na Chanel nayo ikaachana na stika na kadi zake za namba za kuthibitisha uhalisi. Kwa hiyo mfuko wa Kusama unaodaiwa kuwa wa 2023 lakini una msimbo wa tarehe wa zamani unatia shaka kubwa. Dai risiti ya awali na picha zilizopigwa upya kwenye mwanga wa mchana, na ulipe kwa njia inayokuruhusu kudai fedha zako. Muuzaji anayekuhimiza utume fedha moja kwa moja, nje ya jukwaa la mauzo, mwache.

Vazi likifika, lipige picha kila upande kabla ya kukata lebo, na uhifadhi risiti, sanduku na lebo pamoja. Sweta zikunjwe, kwa kuwa hanga ya nguo huvuta mabega yake hadi yapoteze umbo. Ngozi ikae kwenye mfuko wa pamba, si wa plastiki unaozuia hewa, na kitambaa kilichochapwa kifuliwe kikiwa kimegeuzwa ndani nje, kisha kianikwe kivulini.