Gambuti kwanza, kramponi baadaye: namna ya kuchagua viatu vya kupandia Rwenzori

Wageni wanaojiandaa kupanda Rwenzori, milima ya magharibi mwa Uganda, huniuliza zaidi kuhusu barafu. Nilete kramponi gani, yaani yale meno ya kufunga chini ya buti ili usiteleze kwenye barafu? Buti za kampuni gani? Wengine, hasa wanaotoka Ulaya, huuliza hata kama wabebe skii pana, vile vibao vya kutelezea juu ya theluji. Kuhusu skii nitajibu kwa ufupi. Skii yenye upana wa milimita 110 au zaidi katikati imetengenezwa ielee juu ya theluji ya unga yenye kina, kama ile ya Hokkaido kule Japani. Barafuto zetu, yaani barafu za kudumu za Mlima Stanley, ni ngumu, zina nyufa, tena zimepungua vibaya tangu 1906, mwaka ambao Dyuki wa Abruzzi na wenzake walifika Margherita, kilele cha juu kabisa cha mlima huo. Skii ziache nyumbani.

Kiatu cha kuhangaikia ni gambuti. Safari ya Margherita, mita 5,109, huchukua kama siku 7 au 8, uanzie lango la Nyakalengija au la Kilembe. Kramponi utazivaa asubuhi moja tu. Siku nyingine karibu zote ni tope, mizizi yenye ukoga, na mawe yaliyolowa. Nimeona watu wenye buti za bei ya kutisha wakirudi na miguu iliyokunjamana kwa maji, huku wapagazi wakiwapita na gambuti za duka la pembejeo.

Hatua ya kwanza: jua gambuti imetengenezwa kwa nini

Madukani Kasese, mji ulio chini ya milima, utakuta aina mbili. Ya plastiki, yaani PVC, humwagwa kwenye kalibu ikatoka kipande kimoja. Utaiona inang'aa, na kuna mstari mwembamba ulioinuka pale kalibu ilipokutana. Ya mpira halisi hujengwa kwa matabaka yanayogandishwa. Haing'ai sana, na ukiangalia vizuri unaona mahali tabaka moja limepanda juu ya lingine.

Chukua ya mpira kama mfuko unaruhusu. Plastiki hukakamaa kwenye baridi, na ukiwa kambi ya Bujuku, karibu mita 4,000, asubuhi unavaa kitu kigumu kinachopasuka pale pale mguu unapojikunja. Soli yake nayo huteleza kwenye ubao uliolowa, na kuvuka kinamasi cha Bigo kuna njia ya mbao. Mpira hubaki laini na hushika.

Halafu kuna suala la kuziba. Gambuti ya mpira ikitoboka, fundi wa pancha anayeziba tyubu za baiskeli kando ya barabara ataiziba kwa gundi na kiraka kile kile. Ya plastiki haishiki gundi hiyo, kiraka kinabanduka kabla hujafika kambi ya pili. Kwangu mimi hiyo ndiyo maana ya kiatu kudumu: kiatu kinachotengenezeka.

Ukiona mpira una vumbi jeupe kwa nje, usiogope, ni kemikali za ndani ya mpira zinazotoka juu na zinafutika kwa kitambaa. Cha kuogopa ni nyufa ndogo ndogo. Ikunje shingo ya gambuti, ibane hewa ndani, kisha isogeze karibu na shavu. Ukihisi upepo, irudishe kwenye rafu.

Hatua ya pili: kataa gambuti za mjengo

Muuzaji atakwambia hizi zenye chuma mbele ndizo imara. Ni imara kweli, kwa mtu anayebeba matofali. Mlimani chuma hicho kinavuta baridi hadi vidoleni, na wakati wa kuteremka vidole vinagonga ukuta usiosogea. Zingine zina bamba la chuma ndani ya soli pia, ili msumari usipenye. Soli ya namna hiyo haijikunji, na uzito wake unaubeba kwa kila hatua. Uzito wa mguuni unachosha kuliko ule wa mgongoni, muulize mpagazi yeyote.

Kuhusu urefu: iishie chini ya goti, juu ya kigimbi. Ikifika nyuma ya goti itakukwangua kila unapopanda jiwe refu, na Rwenzori imejaa mawe marefu.

Hatua ya tatu: pima mchana, na uvae soksi zako

Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, kwa hiyo nenda dukani alasiri. Beba soksi utakazovaa: nyembamba ndani, nzito ya sufu juu yake. Pamba hapana. Pamba ikilowa inabaki imelowa, na kwenye ukungu ule hakuna kitu kinachokauka. Sufu nzuri inapatikana soko la Owino, Kampala, kwenye mitumba, ukiwa na subira ya kupekua.

Ingiza mguu, usukume mbele mpaka vidole viguse. Kidole chako cha mkono kipite nyuma ya kisigino bila kulazimishwa. Kisipopita, kucha za vidole vikubwa zitakuwa nyeusi ukirudi. Vikipita viwili, umezidisha. Sasa tafuta ngazi. Panda, kisha shuka polepole. Kisigino kikiinuka kidogo hakuna shida, gambuti haina kamba. Kikiruka juu na kushuka kila hatua, hayo ni malengelenge ya siku ya pili.

Gambuti nyingi zina soli nyembamba kwa ndani. Ongeza soli nene ya kuwekea, halafu upime tena, maana inakula nafasi.

Hatua ya nne: tazama meno ya soli

Yawe marefu na yaachane. Meno yaliyobanana hujaa tope hatua kumi za kwanza, na kuanzia hapo unatembea kwa soli tambarare. Kisigino kiwe na ngazi iliyokatika wazi, kwa sababu hiyo ndiyo breki yako unapoteremka.

Hatua ya tano: zuia tope lisikuvue

Tope la Bigo linanyonya. Mguu unatoka, gambuti inabaki, na soksi inaingia kwenye maji ya baridi. Kata pete ya upana wa vidole viwili kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, uivishe juu ya gambuti pale kifundoni. Usiifanye ikabana sana, damu ipite. Kwenye kinamasi kanyaga vishungi vya nyasi, si kati ya kishungi na kishungi, na kama hujui kina, tanguliza fimbo.

Hatua ya sita: sasa barafu

Kambi ya Elena, mita 4,541, au kambi ya Margherita kwa wanaotoka Kilembe, ndipo unapoweka gambuti kando. Kramponi hazivaliwi juu ya gambuti. Zinahitaji buti ngumu ya mlima, na zote mbili zinakodishwa na wanaoongoza safari, kwa hiyo kama hupandi milima kila mwaka, kodi. Ila zikague mwenyewe ukiwa bado chini, siyo saa nane za usiku kwa mwanga wa tochi ya kichwani.

Dai za chuma, si za alumini. Alumini ni nyepesi na inawafaa watu wa skii wanaokanyaga theluji tupu. Njia ya Margherita inapanda barafu, inashuka kwenye mwamba, inarudi kwenye barafu. Mwamba huo unakula meno ya alumini. Meno 12, mawili yakitazama mbele, yanatosha.

Kisha jambo la kufunga. Kramponi za kujibana mbele na nyuma zinataka buti yenye mifereji sehemu zote mbili. Zile za kujibana nyuma tu zinataka mfereji wa kisiginoni. Za mikanda zinakubali buti nyingi. Rekebisha urefu, ingiza buti, usifunge mkanda, uinue na kuitikisa. Kramponi ikidondoka, haijakaa. Angalia pia kama chini kuna bamba la plastiki la kuzuia theluji isigande, kwa sababu jua likishapanda theluji ya ikweta inakuwa nzito na inajishikiza chini ya mguu mpaka meno hayagusi kitu.

Meno yakiwa butu, yanolewe kwa tupa, kwa mkono. Mtu akileta grenda mnyang'anye. Joto lake linaua ugumu wa chuma.

Hatua ya saba: ukisharudi Kasese

Osha gambuti kwa maji matupu, zijaze magazeti, zisimamishe kivulini. Usizianike juani wala karibu na jiko la mkaa, mpira hukauka na kupasuka. Usizihifadhi stoo moja na dumu la petroli au mafuta ya taa. Na kama huna mpango wa kurudi, waulize wapagazi wako namba zao za viatu kabla hujapanda basi la Kampala.